Sufuria la Mtaa: Kisa cha Nyumba ya Ngamiani Iliyosafishwa Mara Mbili

Nyumba yenyewe ipo Ngamiani, mjini Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi pale: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi mrefu katikati, na nyuma ua wenye jiko, choo na kisima kilichofunikwa. Mwenye nyumba ni mjane aliyevuka miaka sabini, dada mkubwa wa mama yangu. Amekubali kisa chake kiandikwe kwa sharti kwamba nisimtaje jina, wala nisiwataje wanawe. Kwa hiyo humu ataitwa mama mkubwa, kama ninavyomwita, na wanawe wataitwa dada, kaka na mdogo. Dada ameolewa hapo hapo Tanga, kaka anafanya kazi Dar es Salaam, mdogo, naye binti, yuko Muscat, Oman, kwa muda mrefu sasa. Baba yao, fundi wa reli, alifariki zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Nianze na hukumu yangu ili msomaji ajue nimesimama upande gani. Usafi wa kwanza wa nyumba ile uliharibu mambo kwa sababu aliyeufanya aliamini kwamba kila kilichomo ndani ya nyumba ya mama yake ni mali ya mama yake. Haikuwa hivyo. Na naamini katika nyumba nyingi za wazazi wetu haiko hivyo.

Hali ilivyokuwa

Kati ya vyumba sita, vitatu tu ndivyo vilivyoweza kulaliwa, na kimoja kati ya hivyo ni cha mama mkubwa mwenyewe, aliyekuwa analala ukingoni mwa kitanda kwa sababu upande wa ukutani ulishakuwa wa maboksi. Chumba cha mbele mlango wake ulifunguka nusu. Ukumbini, mahali ambapo upepo wa bahari ungepaswa kupita toka baraza hadi uani, palisimama kabati la vyombo, friji isiyogandisha, TV mbili za chogo zilizobebana, cherehani ya miguu, na magunia yaliyofungwa kamba. Mtu alipita kwa ubavu. Uani kulikuwa na madumu, ndoo zisizo na mishikio, mapipa, na matairi ya gari yaliyoletwa na jirani mmoja kwa ahadi ya kuyafuata kesho yake.

Mambo mawili yalifanya suala hili lisisogezwe mbele tena. La kwanza ni matairi. Mwaka 2019 homa ya dengue iliposambaa, Tanga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata wagonjwa, na bwana afya alipita nyumba kwa nyumba akimulika tochi ndani ya kila chombo chenye maji. Mbu wa dengue hang'ang'anii mitaro michafu. Anapenda maji masafi yaliyotuama kwenye kopo, chungu cha maua, tairi. Tena anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Matairi ya ua ule yalikuwa na viluwiluwi. Mama mkubwa alipewa onyo, akayaegemeza ukutani ili yamwagike, na yakabaki hapo miaka.

La pili ni kuanguka. Aliamka usiku kwenda uani, umeme umekatika, mguu ukanasa kwenye kikanyagio cha cherehani. Aliangukia mkono. Kifundo kilivunjika, akafungwa plasta. Kwa mtu wa umri ule, ajali ya namna hiyo ndiyo inayohesabika zaidi kuliko vumbi au aibu mbele ya wageni: njia ya kitanda hadi choo lazima iwe wazi usiku, kwenye giza, kwa mtu mwenye usingizi. Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kufanya katika nyumba ya mzee, ningechagua hilo na kuacha mengine yote.

Usafi wa kwanza

Kaka alikuja Tanga wiki ile ya plasta, amekasirika kama anavyokasirika mtoto aliyeogopa. Alipanga na shemeji yake ampeleke mama kliniki asubuhi, wapitie kwa ndugu Chumbageni, wasirudi kabla ya alasiri. Mgongo wa mama ulipotoka tu, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikaegeshwa mlangoni na vijana wakaanza kutoa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani yao ya kuning'iniza. Mabati na vyuma kwa kilo, alumini peke yake kwa bei ya juu zaidi. Makaratasi yalichomwa uani. Nguo zilifungwa kwenye mashuka zikaenda. Madumu yakaenda. Kufikia saa tisa ukumbi ulikuwa unapitika, umepigwa deki, na kaka alikuwa ameridhika kwa dhati kabisa.

Nilikuwepo mama mkubwa aliporudi. Hakupiga kelele. Alizunguka chumba kwa chumba akiwa na ule mkono kwenye kitambaa, akauliza swali moja tu: «Masufuria ya mtaa mmeyaweka wapi?»

Hapo ndipo ilipojulikana. Mama mkubwa alikuwa mtunza vyombo wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wao. Masufuria matatu makubwa ya pilau, masinia, majamvi, ndoo za kunawia, vyote vilinunuliwa kwa michango ya wanachama na kuwekwa kwake kwa kuwa ana nafasi na ana uaminifu. Masufuria ni alumini. Yalikuwa yameshapimwa, yamelipwa, yamekanyagwa yakawa bapa.

Haikupita muda msiba ukatokea nyumba ya nne kutoka pale, usiku, na vijana wa chama wakaja kugonga kuchukua vyombo kama kawaida. Aliyewafungulia ni mama mkubwa mwenyewe. Kwa watu wa bara la mbali hili laweza kuonekana jambo la kununua sufuria jingine, na ni kweli kaka alitoa hela yakanunuliwa mengine. Lakini mtu aliyewekewa amana miaka yote hiyo, akashindwa kuitoa siku ile ile inayohitajika, huku maiti iko ndani na waombolezaji wamekaa nje, hilo halilipwi dukani. Mama mkubwa hakuongea na mwanawe kwa miezi.

Na mambo mengine yakafuata. Bomba likakauka, kama linavyokauka mara kwa mara, na nyumba iliyokuwa na madumu ya kuwapa majirani ikawa ndiyo inayoazima. Kabla ya Ramadhani kuingia, chumba cha mbele kilikuwa kimeanza kujaa upya: madumu yaliyookotwa, chupa za maji, makopo, maboksi matupu yaliyokunjwa. Safari hii alikuwa anafunga kwa kufuli na ufunguo anautia kwenye pindo la khanga.

Kwa nini hakutaka kuachia

Watu wengi walimwambia kaka kwamba mama yake ni mgonjwa. Neno hilo si la kurushwa hovyo. Ni kweli kuna ugonjwa wa kulimbikiza vitu: madaktari wa akili wa Marekani waliutambua kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo imeuweka. Alama zake kubwa ni kwamba mtu hawezi kuachana na vitu bila kujali vina thamani gani, kule kuachana kunamtesa, na vitu vinajaa hadi vyumba havifai tena kwa kazi yake. Mtu anayepika chumbani kwa sababu jiko halifikiki, anayeficha taka za chakula, anayetetemeka ukigusa gazeti, huyo apelekwe kwa daktari, na asisafishiwe nyumba kwa nguvu, maana itamzidishia.

Mama mkubwa alikuwa na alama ya mwisho. Zile mbili za mwanzo hakuwa nazo, ila hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Tulipomuuliza, kila kitu kilikuwa na sababu, na sababu nyingi zilikuwa na mwaka wake.

Yeye ni mtu wa foleni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa na rafu bila bidhaa. Anakumbuka kufua kwa majani ya mpapai. Anakumbuka sukari ya kupangiwa, na jiwe lililowekwa kwenye foleni kumshikia mtu nafasi tangu alfajiri. «Sabuni mimi nimeilalia nje, mwanangu,» aliniambia. «Halafu aje mtu aniambie mche mmoja unatosha?» Chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi la sabuni za mche zilizokauka hadi zimepasuka, nyingine zimegeuka rangi. Sabuni iliyokauka hivyo haiyeyuki haraka, inakaa zaidi kwenye beseni. Alilijua hilo na ndiyo sababu hakuzitoa kwenye boksi mapema.

Lakini foleni ilikuwa nusu ya habari. Mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Aliyekutwa na bidhaa nyingi ndani alitakiwa aeleze zimetoka wapi, na watu wengi waliogopa hata kile walichonunua kwa halali. Bidhaa zilitupwa usiku vichakani na baharini. Mama mkubwa anasimulia kwamba mumewe alimwamuru atoe doti za khanga alizojiwekea akiba akazigawe kwa ndugu usiku huo huo, na yeye akazificha chini ya godoro badala ya kugawa. Ukisikia hayo unaelewa kwa nini mwanamke huyu anaweka, na kwa nini anaweka kwa kuficha. Alifundishwa hofu mbili zinazopingana ndani ya miaka mitano: hofu ya kukosa, na hofu ya kukutwa nacho.

Kuhusu makaratasi, ndiye aliyekuwa sahihi kuliko sisi sote. Mumewe aliajiriwa na reli wakati ikiwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake waliingia kwenye madai ya mafao yaliyochukua miaka mingi sana, na kilichomsaidia mtu ni karatasi: barua ya ajira, namba ya kazini, kipande cha mshahara. Mumewe alivihifadhi, akalipwa akiwa hai. Wenzake waliopoteza vyao walihangaika maofisini hadi uzeeni. Sasa mwambie mjane wa mtu huyo kwamba karatasi ya zamani ni uchafu. Gunia lililochomwa uani lilikuwa na magazeti na daftari za shule, kwa bahati. Nyaraka zenyewe zilikuwa chini ya godoro, mahali pale pale pa zile khanga za 1983.

Usafi wa pili

Kilichowarudisha mezani ni mjomba wao, mdogo wake mama mkubwa, mtu mpole asiyependa vikao. Alimwita kaka toka Dar es Salaam, akamwambia aombe radhi kwanza, habari za vitu baadaye. Kaka aliomba radhi mbele ya dada yake na mbele yangu. Mama mkubwa akamwambia amemsamehe, kisha akatoa masharti yake, ambayo naona ni bora kuliko mafunzo yote ya kupanga nyumba yanayozunguka kwenye simu zetu. Hakitoki kitu mpaka nimekishika. Hakichomwi kitu. Kila kinachotoka kiandikwe, kimekwenda kwa nani. «Mali bila daftari hupotea bila habari,» alisema, na daftari nikapewa mimi.

Mafunzo yale ya kwenye simu yanamchukulia mtu mmoja na kitu chake: unakipenda, unakitumia, basi kibakize; hukipendi, kitoe. Ni sawa kwa mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga na vitu alivyonunua mwenyewe. Tulipojaribu swali hilo siku ya kwanza kwenye boksi la kwanza, lilikwama. Ndani mlikuwa na vikombe. Je, unavitumia, mama? Hapana. Basi vitoke? Haiwezekani, ni vya mke wa jirani, alivileta alipohamia kwa mwanawe. Dada akabadilisha swali. Akawa anauliza: hiki ni cha nani? Toka hapo kazi ilikwenda.

Tulikaa uani, mkekani, baada ya sala ya alasiri, na magharibi ikiingia tunafunga hata kama boksi liko wazi. Tulianza na amana, maana kitu cha mtu hakihitaji kufikiriwa kama unakipenda. Kinarudi kwake. Na zilikuwa nyingi ajabu. Vikombe vile. Fremu za milango za mjukuu wa jirani ambaye nyumba yake ilishaisha kujengwa kwa fremu nyingine. Kabati la mpwa aliyeachika, alilolileta kwa siku chache. Matairi, ambayo mwenyewe alipopigiwa simu alicheka akasema alishayasahau. Yakaenda kwa mafundi wa katambuga, na kwa mara ya kwanza ukuta ule wa uani ukaonekana. Kulikuwa na misahafu na juzuu zilizochanika, watu walikuwa wanamletea kwa sababu hawajui pa kuziweka na hazitupwi jalalani. Zilipelekwa kwa mwalimu wa madrasa, naye anazifukia mahali safi. Na kulikuwa na sanduku la mpangaji aliyeondoka kwenda Mererani kutafuta tanzanite akiwa kijana, hakurudi. Hilo hatukulifungua wenyewe. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa, likafunguliwa mbele yake, vilivyomo vikaandikwa, na kupitia kwa watu wa kwao akapatikana mtoto wa kaka yake akaja kulichukua.

Nilipojumlisha kwenye daftari, amana peke yake zilikuwa zimejaza chumba cha mbele karibu chote. Chumba alichokuwa kaka akikiita chumba cha uchafu wa mama kilikuwa ghala la watu wengine, lisilolipwa kodi.

Mali ya marehemu

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na ndipo ninapodhani familia nyingi hukwama bila kujua zimekwama wapi.

Vitu vya baba vilikuwa chumba cha pili kulia, kama alivyoviacha. Masanduku ya zana, baiskeli ya Phoenix bila matairi, koti na suruali za kaki za kazini, taa ya reli yenye vioo vya rangi, redio. Mama mkubwa hakuwahi kuvigusa, na wanawe waliona ni majonzi. Majonzi yalikuwepo. Lakini alipoulizwa ni vya nani, alijibu haraka na bila machozi: «Si vyangu. Mirathi haijagawanywa.» Miaka yote hiyo alikuwa anavilinda vitu ambavyo, kwa sheria ya dini yake, yeye ana thumuni tu, sehemu moja ya nane, na saba zilizobaki ni za watoto. Kuviuza au kuvigawa sadaka peke yake kungekuwa kula fungu la wengine. Alikuwa anangoja waje waseme. Nao walikuwa wanaona haya kusema, wasionekane wana haraka na mali ya baba. Wote walikuwa na adabu, na chumba kikafungwa zaidi ya miaka kumi kwa ajili ya adabu hiyo.

Shehe wa msikiti wa jirani alikuja akaeleza kile ambacho mama mkubwa alishakijua: madeni kwanza, kisha wasia kama upo na usizidi theluthi, kisha warithi kwa mafungu yao, mwanamume fungu la wawili wa kike. Akaongeza kwamba warithi wazima wakiridhiana, mtu anaweza kuliachia fungu lake. Fundi wa mtaani akakadiria zana. Mdogo akapigiwa simu ya video toka Muscat, akaonyeshwa kimoja kimoja, akasamehe fungu lake lote ila redio. Spana, tindo na jeki ziliuzwa kwa gereji moja ya vijana, hela ikagawanywa mbele ya wote na kuandikwa. Taa ya reli kaka aliinunua kwa wenzake, kwa bei iliyokadiriwa, akampelekea mwanawe. Koti moja la kaki likabaki kwa mama.

Ndani ya sanduku la zana kulikuwa na kopo la Nido lililojaa misumari iliyopinda, na juu yake kipande cha karatasi, mwandiko wa baba kwa kalamu ya risasi: «Usitupe, ya kunyoosha.» Dada alilisoma kwa sauti. Kaka akalichukua kopo lile, akakaa kando, akaanza kunyoosha misumari kwa nyundo kwenye ukingo wa sakafu. Alinyoosha karibu nusu kopo. Misumari hiyo ndiyo iliyogongelewa rafu ya ukutani iliyopo sasa jikoni.

Usafi huu ndio uliowaamsha kuhusu nyumba yenyewe. Hati ya kiwanja ilikuwa kwenye ule mfuko wa chini ya godoro, bado kwa jina la marehemu, na hakuna aliyewahi kufungua mirathi mahakamani. Familia ikakaa kikao, ikamteua dada, na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha kuwa msimamizi. Kwa taratibu za mahakama hiyo, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke Fomu Namba 5, maelezo kamili ya mali na madeni ya marehemu. Dada aliijaza kwa kunakili kutoka kwenye daftari letu la uani. Kama nyumba ingesafishwa kwa kirikuu mara ya pili, sijui angeandika nini pale.

Zawadi, kisha vyake

Mablanketi yalikuwa kumi na moja. Mazito, ya manyoya, yenye picha za simbamarara na maua, kila moja kwenye mfuko wake wa zipu, yote toka Muscat. Tanga haina baridi ya blanketi hilo hata mwezi wa saba. Kuyatoa ilikuwa ngumu kuliko zana za marehemu, kwa sababu kila moja lilikuwa ushahidi kwamba binti wa mbali anakumbuka kwao. Mama mkubwa alihofia mwanawe akijua ataumia. Ikabidi aambiwe kwenye simu, na jibu lake lilituacha kimya kidogo: «Mama, nikikuuliza unataka nini unasema lete chochote. Mimi nikiingia dukani naona blanketi ndicho kitu kikubwa.» Walikuwa wanalazimishana kwa heshima, mmoja kununua na mwingine kutunza. Mawili yalibaki. Mengine yalipanda basi kwenda kwa ndugu wa Lushoto na Mlalo, kule milimani ambako Juni na Julai mtu hulala amejikunja. Sasa mdogo anatuma hela ya umeme na dawa za presha.

Vilipofika vitu ambavyo ni vya mama mkubwa mwenyewe, vilivyobaki havikuwa vingi, na aliviamua haraka kuliko tulivyotegemea. Furushi la mifuko ya rambo, ambayo tangu Juni 2019 haitakiwi hata kubebwa, lilikwenda bila maneno. Dawa zilizopita muda zilipelekwa kwenye duka la dawa waziteketeze wanavyojua wao. TV za chogo alizichukua fundi. Hatukutaka watoto wazipasue uani kutafuta shaba, vioo vyake vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Cherehani ilikwenda kwa binti wa jirani anayejifunza ushonaji, kwa makubaliano kwamba atamshonea mama mkubwa madera yake, na ni makubaliano yanayotekelezwa. Khanga mpya alizigawa kwa wakwe na wajukuu, akiwachagulia mwenyewe. Madumu yalibaki manane, yenye vifuniko, yamepangwa. Hakuna aliyethubutu kubishana juu ya madumu.

Ilivyo sasa

Chumba cha mbele kimepangishwa kwa mwalimu kijana na kodi yake inatosha dawa na luku. Chumba cha marehemu kina kitanda na wajukuu wanalala humo likizo. Ukumbi uko wazi, una taa ya kuchaji inayowaka umeme ukikatika. Vyombo vya chama havikai tena kwa mtu mmoja. Vinazunguka mwaka kwa mwaka, na mama mkubwa ndiye aliyependekeza hivyo kwenye mkutano, akieleza mbele ya watu sababu yake. Kitu kikiletwa kuachwa kwake, mwenyewe anaandikwa kwenye daftari pamoja na siku ya kukifuata, na watu wameanza kuzoea.

Si kila kitu kimekaa sawa. Kaka bado akiingia mlangoni macho yake yanakwenda kwanza kwenye kona, anakagua, na mama yake anaona. Yale maboksi matupu yaliyokunjwa nayo yanarudi polepole nyuma ya mlango wa jiko, na dada huyapunguza kwa kuomba, moja moja.

Boksi la sabuni lipo pale pale chini ya kitanda. Dada alitaka litoke na mimi nilikuwa upande wa mama mkubwa, na bado nipo. Halizuii njia, halina mbu, si la mtu mwingine, na anazitumia: kila Jumamosi anatoa kipande, anakikata kwa kisu cha mkate, na kuweka kipya cha dukani nyuma kabisa.